Wimbo Usio na Cheti cha Kuzaliwa

Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifia Kisauni, hapa Mombasa. Nikiwaambia hivyo vijana ninaopanda nao matatu asubuhi kutoka Bamburi, wengi hunitazama kama mtu aliyewapigia chuku. Mbaraka wanamjua, na "Shida" yake wanaijua, hasa mwezi ukikaribia mwisho. Lakini kwao yeye ni mtu wa Morogoro, na mtu wa Morogoro hufia kwao. Ajali iliyommaliza ilitokea huku kwetu, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Alikuwa ameiacha Morogoro Jazz tangu 1973 akaunda Super Volcano, na kabla ya hapo alikuwa ameshapiga gitaa Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Baada ya kufa, nyimbo zake zilikusanywa katika santuri za mfululizo zikaitwa Ukumbusho. Neno hilo limechapwa kwenye majalada. Kisauni napita miaka nenda miaka rudi, na sijaona mahali lilipoandikwa.

Nilimkumbuka Mbaraka siku moja ya 16 Agosti, mtangazaji wa redio alipokuwa akituhesabia matukio ya siku hiyo katika historia ya muziki. Madonna alizaliwa tarehe hii, 1958. Elvis Presley akafa tarehe iyo hiyo, 1977. Aretha Franklin akafuata, 2018. Makanga akasema, "Hii siku ina mkosi, wallahi." Dereva akaongeza sauti. Mama mmoja aliyepakata beseni la viazi karai akawa anaufuatisha wimbo kwa midomo, na hivyo ndivyo tulivyopita Kongowea, tukiwa na Elvis.

Sina ugomvi na Elvis. Nina ugomvi na hesabu. Mtu wa Mombasa akiyasikiliza matangazo hayo mwaka mzima, kuanzia 8 Januari, siku aliyozaliwa Elvis (1935) na David Bowie (1947), hadi Desemba, ataamini kwamba muziki haukuwahi kutia nanga pwani hii. Bob Marley kidogo ndiye anayetufikia hadi vichochoroni. Ikiingia 6 Februari, hata muuza miwa mwenye redio ya betri anajua ni siku ya nani. Wa kwetu hawana siku. Fundi Konde, mzaliwa wa Kilifi, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kulifanya gitaa la umeme lisikike katika santuri za Kenya, alizaliwa 1924. Karne yake ilitimia 2024, na ikapita kama mvua ya usiku ambayo asubuhi huoni hata dimbwi.

Rahisi kusema kwamba tumewasahau watu wetu kwa sababu tunapenda vya wageni. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi na sikubaliani nayo, kwa kuwa nyimbo zenyewe hatujazisahau. "Tausi" ya Fundi Konde ikipigwa arusini, bibi wa miaka 70 na mjukuu wake huinuka pamoja. Tulichokosa ni tarehe, na tarehe ni kitu kingine kabisa.

Tarehe haioti kama magugu. Ili leo tujue Elvis alizaliwa lini, ilibidi pawe na karani aliyeandika, kampuni iliyoweka daftari la siku ya kurekodi, na mwanasheria anayelipwa kulilinda daftari lisiliwe na panya. Mwanasheria naye halipwi kwa mapenzi ya muziki. Desemba 2012, kampuni inayotoa nyimbo za Bob Dylan iliingiza madukani Ulaya mkusanyo wa rekodi zake zilizokuwa hazijawahi kutoka. Nakala kama 100 tu. Mia! Hata duka moja la Biashara Street lingezimaliza kwa siku moja. Jina la mkusanyo lilitaja maadhimisho ya miaka 50, na chini yake likaeleza bila haya kwamba ulikuwa mkusanyo wa kurefusha hakimiliki. Umoja wa Ulaya ulikuwa umepitisha 2011 kwamba ulinzi wa rekodi upande kutoka miaka 50 hadi 70, lakini rekodi iliyolala kabatini miaka 50 bila kutolewa ingekosa ngao hiyo. Basi ikabidi zitolewe, hata kwa kuonjesha, ili zihesabike kuwa zimetoka. Desemba iliyofuata, rekodi 59 za Beatles za 1963 zikachomoza mtandaoni kwa sababu hiyo hiyo. Mashabiki waliona zawadi ya Krismasi. Wahasibu waliona saa ya ukutani.

Hata ule wimbo wa Kiingereza unaoimbiwa keki ulikuwa na mwenyewe. Mahadhi yake yalichapishwa Marekani 1893, kazi ya ndugu wawili wa kike waliokuwa walimu wa watoto wadogo, lakini kampuni moja ikawa inadai malipo kwa msingi wa usajili wa 1935. Kila filamu iliyotaka kuonyesha mtoto akizima mishumaa ililazimika kulipa au kubadilisha wimbo. Septemba 2015 jaji wa California aliamua kwamba kampuni haikuwa na haki halali juu ya maneno yale, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola milioni 14 kumaliza kesi. Ukiisoma kesi hiyo utaona hakuna aliyebishana juu ya uzuri wa wimbo. Walibishana lini uliandikwa, lini ulichapwa, lini ulisajiliwa.

Zipo tarehe zilizotengenezwa kwa makusudi mema pia, na hapa sharti nimpe Stevie Wonder haki yake. Martin Luther King alizaliwa 15 Januari 1929 na kuuawa 1968, na kwa miaka mingi wabunge wa Marekani walikataa kuifanya siku yake iwe sikukuu ya taifa. Stevie akatunga wimbo wa siku ya kuzaliwa, ukatoka katika albamu yake ya 1980, akazunguka nao, akaongoza mikutano ya hadhara. Rais Ronald Reagan alitia saini sheria Novemba 1983, na sikukuu ya kwanza ikawa Januari 1986. Kwa ufupi, mwanamuziki aliichukua tarehe moja akaigonga kwenye kalenda ya nchi kama msumari. Kwa hiyo anayesema tarehe ni mambo ya makarani hajamsikiliza Stevie.

Sasa turudi Mombasa, mtaa wa Kibokoni.

Nina jirani mmoja, fundi redio wa zamani aliyekuwa pia akiuza kanda, ninayemwita ami ingawa hatuna udugu wa damu. Kitambulisho chake chasema alizaliwa 1 Januari. Cha mkewe hali kadhalika. Vya wazee wengine watatu wa baraza letu la jioni navyo vivyo hivyo, hata mtu akiamini vitambulisho atadhani mtaa mzima ulizaliwa mkesha mmoja. Nilipomuuliza ami alizaliwa lini hasa, alimimina kahawa kwanza. "Mamangu alinambia ilikuwa kaskazi, maembe yaoza tini. Wataka zaidi ya hapo?"

Mzee hakuwa akinikwepa. Alinijibu kwa kalenda yake. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa Kizungu kwa siku kama 11, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, hana tarehe moja ya kutulia, kila mwaka siku yake yahama. Kaskazi na kusi ni pepo, na mvua haina cheti. Siku ya kuzaliwa ambayo pwani nzima huisherehekea ni moja tu, ya maulidi, na Lamu huiadhimisha kwa matari na zafa hadi wageni wakasafiri kwa majahazi kuifuata. Mtu wa kawaida hukumbukwa akishaondoka: khitma, arubaini, na kwa wanazuoni wakubwa hauli kila mwaka. Kwa ada zetu, anayestahili kukumbukwa ni aliyemaliza safari, maana aliyezaliwa leo hakuna ajuaye atakuwaje.

Lakini mwimbaji katika ada hiyo hukaa pabaya. Wapo waliotubia mwisho wa umri wao, wasitake hata kusikia sauti zao za ujana, na jamaa zao wakaona si adabu kumwekea marehemu kumbukumbu ya jambo aliloliacha. Mimi naiheshimu hoja hiyo. Natambua pia kwamba imetugharimu.

Tazama waliopata tarehe walizipataje. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na 1880, mwaka wa kukisia. Halafu 1928 anapanda chombo hadi Bombay kurekodi santuri, na kuanzia hapo maisha yake yana tarehe, kwa kuwa kampuni ya gramafoni ilihitaji namba ya kila upande wa sahani. Alikufa 8 Julai 1950, na hiyo imeandikwa. Bi Kidude alipokufa 17 Aprili 2013, alisemekana amevuka miaka 100. Kifo chake kina siku, mwezi na mwaka, lakini kuzaliwa kwake ni hadithi. Biashara ilipomgusa mtu, iliacha alama. Ilipompita, alibaki katika vinywa vya watu, na vinywa havina kabati.

Hapa Mombasa tulikuwa na biashara hiyo. Assanand walikuwa na lebo yao ya Mzuri, na Mbwana Radio Service huko Mji wa Kale walirekodi taarabu kwa miaka mingi. Sauti za Zuhura Swaleh, Maulidi Juma, Matano Juma na Zein l'Abdin zilisafiri kutoka vichochoro hivi hadi Komoro na Arabuni. Lakini nikiishika santuri ya zamani ya Mombasa naona jina la mwimbaji, jina la wimbo, namba, basi. Mwaka mara nyingi haupo. Na jina la mtunzi likiwapo huwa ni bahati.

Hili la mtunzi nataka kulikalia, maana ndipo penye ugonjwa wenyewe. Nyimbo nyingi za taarabu ya Mombasa zina watu wawili: malenga aliyetunga shairi na mwimbaji aliyelitia mahadhi. Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi 1942 na kufa hapa Mombasa Aprili 2014, aliimba mashairi ya jamaa yake, malenga Ahmad Nassir Juma Bhalo, na mahadhi mara nyingi yalikuwa na harufu ya filamu za Kihindi zilizokuwa zikijaza masinema ya mji huu. Hapo tayari nina watu watatu wenye haki: wa maneno, wa sauti, na mtunga mahadhi aliyeko Bombay asiyejua Mombasa iko wapi. Ongeza wa nne: mwenye arusi. Mashairi mengi yaliagizwa kwa ajili ya bwana arusi fulani, au kwa ajili ya kumjibu mke mwenza fulani, na yakalipwa palepale kwa bahasha. Malenga alipoondoka ukumbini, alihisi ameshauza. Nani angemwandikia tarehe?

Kanda alizokuwa akiuza ami zinasema hadithi hiyo vizuri zaidi kuliko mimi. Kwenye karatasi ya ubavuni utasoma "Arusi ya Bi Fulani, Kuze, usiku wa pili". Mtaa upo na usiku upo. Kwa watu waliokuwapo, hiyo ni anwani kamili. Walipopungua watu hao, anwani ikabaki bila posta.

Kukosa tarehe kuna hasara ambayo wengi hatuioni kuwa hasara, kwani huja na sura ya sifa. Wimbo usio na tarehe huitwa wimbo wa asili. Yaani wa mababu, yaani wa sote, yaani hauna mtu wa kulipwa. "Jambo Bwana" ni mfano wa nyumbani. Ilitoka 1982, kazi ya Teddy Kalanda Harrison na wenzake wa Them Mushrooms, vijana wa Mombasa waliokuwa wakiwapigia watalii muziki mahotelini. Mwaka uliofuata Boney M. wakairekodi kwa jina lao walilolitaka. Leo ukienda ufukweni Nyali jioni, mwimbaji wa hoteli ataipiga, mgeni ataambiwa ni wimbo wa jadi wa Waswahili, na hakuna atakayecheka. Wimbo ulio mdogo kuliko daraja la Nyali umeshafanywa babu.

Boney M. hao hao walikuwa wameshaimba "Malaika" 1981. Huyo naye ana kesi yake. Fadhili William, mzaliwa wa Taita, ndiye aliyeirekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuifanya ijulikane. Miriam Makeba akaipeleka duniani, na ikamo katika albamu aliyoifanya na Harry Belafonte 1965. Lakini Adam Salim wa Tanzania alidai kwamba aliitunga 1945, na Lucas Tututu wa hapa Mombasa naye akajitokeza kusema ni yake. Sitaamua nani mkweli. Nitasema tu kwamba laiti kungekuwapo karatasi moja yenye tarehe, ya 1945 au ya baadaye, mabishano ya miongo sita yangemalizika kabla kahawa haijapoa.

(Kwa wapenda sadfa: Bobby Farrell, yule mchezaji wa Boney M. mwenye nywele za kichaka, alifia St. Petersburg 30 Desemba 2010. Rasputin, ambaye kundi hilo lilimwimbia 1978, aliuawa mji huo huo, tarehe hiyo hiyo, 1916. Redio haiachi kutuambia. Siku ambayo "Jambo Bwana" ilipigwa kwa mara ya kwanza, kwenye hoteli umbali wa matatu moja kutoka nyumbani kwangu, haijapata kutangazwa.)

Hata maneno matupu hupewa tarehe na mwenye kuwahi ofisini. "Hakuna matata" tunayosemezana kila siku, kampuni ya Disney iliyaombea alama ya biashara Marekani 1994 na kusajiliwa 2003, kwa ajili ya fulana. Watu wa Afrika Mashariki walikuja kupiga kelele 2018. Miaka 15 baadaye! Kelele zilikuwa za haki, lakini wenzetu walikuwa na risiti.

Nije kwenye sheria, kwa kuwa hapa ndipo tarehe inapoacha kuwa mapambo ya redio. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ya muziki hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliokufa. Rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyonaswa, hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Saa mbili tofauti kwa wimbo mmoja. Fundi Konde alifariki 2000, kwa hiyo tungo zake ni za warithi wake hadi mwisho wa 2050. Fadhili William alifariki 2001, basi 2051, kama wimbo ni wake. Mbaraka aliyetufia Kisauni, mwisho wa 2029. Hiyo si mbali. Rekodi alizozifanya 1978 zinatoka katika ulinzi mwisho wa 2028, na za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zimeshatoka.

Tafsiri yake mtaani ni hii. Santuri ya taarabu iliyorekodiwa Mombasa 1970 haina tena ulinzi wa rekodi kwa sheria yetu. Kijana mwenye kompyuta pale Saba Saba anaweza kuisafisha mikwaruzo na kuitoa upya bila kubisha hodi kwa kampuni iliyoirekodi. Kwangu hiyo ni habari njema, na nashangaa hatuitumii. Lakini shairi lililomo ndani bado lina mwenyewe ikiwa malenga alikufa baada ya kati ya miaka ya 1970, na kijana huyo anatakiwa amlipe mrithi. Mrithi wa nani? Aliyekufa lini? Santuri haina mwaka, kanda ina usiku wa pili tu. Kijana mwaminifu ataogopa na kuiacha. Asiye mwaminifu ataipandisha mtandaoni na kula. Yaani giza la tarehe humwadhibu mwenye kutaka kulipa na kumwachia asiyetaka.

Na mtandao umeleta uongo mpya wenye sura ya uhakika. Shabiki wa Bhalo anachukua kanda ya miaka ya 1970, anaiingiza YouTube 2012, na mashine inaandika 2012. Kijana wa leo akitafuta, anaona wimbo wa Bhalo na wimbo wa Nyota Ndogo vimepishana miaka michache, kana kwamba walikuwa wakisubiriana zamu studio moja. Nimewahi kusikia mwanafunzi akinieleza, kwa ushahidi wa simu yake, kwamba Zein l'Abdin "aliingia kwenye muziki" 2010. Zein alizaliwa Lamu 1939 na alikuwa ameshazeeka na udi wake. Mashine haikudanganya, iliandika siku iliyoletewa. Sisi ndio tulioipelekea mzigo bila karatasi.

Ami hanielewi ninapozungumza hivi, au ananielewa na hataki. "Sikiza," aliniambia, "wimbo si mtoto, hauhitaji chanjo. Ukiwa mzuri waimbwa, ukiwa mbaya wafa. Hiyo tarehe yakupa nini?" Ana sehemu ya ukweli. Wimbo wa arusi uliishi kwa sababu kila aliyekuja aliruhusiwa kuuchukua, kubadili jina la bibi arusi, kuongeza beti, kumtupia vijembe jirani. Ungewekewa mlinzi mlangoni tangu mwanzo, pengine usingefika hata Likoni. Kuna pia hatari ya kugeuza kumbukumbu kuwa duka. Freddie Mercury alizaliwa Unguja 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi. Alipelekwa shule India akiwa mdogo, na familia ikaondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964. Muziki alioufanya haukuwa na chembe ya marashi ya karafuu, labda ile bismillah moja ndani ya wimbo wa Queen wa 1975. Bado tarehe ile inauzwa Shangani kwa watalii. Na 2006, mwaka ambao angetimiza miaka 60, sherehe iliyopangwa Unguja ilipingwa na jumuiya ya kidini na haikufanyika. Tarehe moja: huyu anaikodishia kiti, yule anaikataa, na mwenyewe hayupo.

Hata hivyo siwezi kumkubalia ami mpaka mwisho. Aliyesema wimbo mzuri utaishi hakuahidi kwamba aliyeutunga atakula. Na tarehe za kwetu, zile chache tulizonazo, hazijakaa vibaya hata kidogo. Tazama Julai. Tarehe 6 ni siku aliyozaliwa Franco wa Kongo, 1938, ambaye bila gitaa lake kumbi za Mombasa zingekuwa na usiku mfupi. Tarehe 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO 2021. Tarehe 8 alikufa Siti, mwanamke aliyekwenda ng'ambo na Kiswahili chake mdomoni na kurudi nacho kikiwa ndani ya sahani. Siku tatu mfululizo, zimejipanga zenyewe. Kila mwaka tarehe 7 twakusanyika kusikiliza hotuba kuhusu ukuu wa lugha, na kesho yake, siku ya Siti, turubai zinakunjwa.

Juzi Jumapili nilimwendea ami na daftari. Nilimwambia sitaki mjadala, nataka kanda moja tu. Akatoa moja iliyoandikwa "Kibokoni, usiku wa tatu", jina la bibi arusi limefutika kwa unyevu. Akaitia kwenye redio kaseti iliyoshikwa na mpira wa mfuko wa maziwa. Udi ukaanza, kisha fidla, kisha vigelegele. Kati ya wimbo wa pili na wa tatu, sauti ya mwanamume karibu na kipaza sauti ikawatania wageni waliochelewa kutoka Kisauni: mwasingizia nini sasa, na daraja jipya mwalipita kwa miguu?

Ami akaibonyeza ikasimama. "Daraja jipya," akasema. La Nyali, yaani. La zamani lilikuwa lile la kuelea. La sasa lilifunguliwa 1980. Nikaandika.

"Na hii ni mfungo mosi," akaongeza, "maana huyo mpiga fidla hakuwa akipiga mwezi wa Ramadhani, na alisafiri Dubai kila mfungo pili." Nikapiga hesabu ya kalenda: mfungo mosi wa mwaka ule uliangukia Agosti. Wa mwaka uliofuata, 1981, nao uliangukia Agosti. Mwezi tumeupata, mwaka twabishania. Yeye asema 1980, kwa kuwa mzaha wa daraja haungechekesha mwaka mzima. Mimi nasema watu wa Mji wa Kale wana uwezo wa kuuzeesha mzaha hata miaka kumi.

Ami akaitoa kanda, akaipuliza vumbi, akaitia upande wa pili.